Barua ya wazi kwa watakaoandika orodha ijayo ya biashara za kufunga

Waheshimiwa mawaziri, magavana, mameya, na ninyi wataalamu mnaokaa kando yao mkiwapa takwimu,

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Nalisema mapema ili mjue naegemea wapi, maana wakati wa UVIKO-19 kazi hii ilihesabiwa kuwa ya lazima asubuhi na kuwa ya anasa jioni, kutegemea kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Siandiki ili nilipwe fidia ya miezi ile. Imepita. Naandika kwa sababu siku moja mtaletewa tena ile karatasi. Ugonjwa utakuwa na jina jipya, vitanda vya hospitali vitakuwa vinajaa, na mtatakiwa kusema kabla jua halijazama nani afungue na nani afunge.

Hakuna wa nje atakayewafanyia kazi hiyo. Mkataba wa majanga ya magonjwa uliopitishwa Mei 20, 2025 na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani unatamka wazi kwamba hauipi WHO mamlaka ya kuiamuru nchi yoyote ifunge shughuli zake. Uamuzi ni wenu, na lawama ni zenu.

Ombi langu ni moja, mengine yote humu ni maelezo yake. Mtakapoishika kalamu, msizigawe biashara kwa majina ya vitu zinavyouza. Zigawanyeni kwa namna watu wanavyokutana ndani yake, na kwa hesabu ya shughuli nyingine zitakazokwama zikikosekana.

Mara ya mwisho mligawa kwa majina. Tukumbushane yaliyotokea, maana watu husahau upesi, na wanaosahau upesi zaidi ni wale waliotia saini.

Mei 12, 2020 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha maelekezo ya nguo zinazoruhusiwa kuuzwa. Fulana za mikono mifupi ziliruhusiwa, ila ziwe zimepangwa na kutangazwa kama za kuvaliwa ndani ya sweta. Suruali fupi zilipita kwa sharti kwamba zitavaliwa na buti na taiti. Watu walicheka mpaka wakachoka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu naweza kumwona yule ofisa aliyeandika. Nchi ilikuwa inaingia kipindi cha baridi, akaamini kwa nia njema kwamba nguo za baridi ni za lazima, kisha akaulizwa na hii je, na ile je, akawa anajibu kila swali kwa uaminifu mpaka akajikuta ametunga sheria ya sweta. Ndiko orodha ya majina inakokupeleka hata ukiwa na akili timamu. Kila jina linazaa swali, na kila jibu linazaa majina mengine mawili.

Wales, sehemu ya Uingereza, ilianza zuio la siku 17 la watu kubaki majumbani mnamo Oktoba 23 mwaka huohuo. Supamaketi ziliruhusiwa kufungua lakini zikakatazwa kuuza visivyo vya lazima: nguo, vichezeo, vifaa vya umeme, na simu. Ndiyo, simu. Wafanyakazi wakafunika rafu kwa plastiki na kuzungushia utepe. Fikirini kidogo. Mteja alikwishaingia, alikwishavuta hewa ya mle ndani, alikwishasimama foleni nyuma ya wenzake. Kumzuia asichukue birika la umeme kulipunguza nini? Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: wenye maduka madogo ya nguo waliofungiwa wasije wakanyang'anywa wateja na wakubwa. Naielewa sababu hiyo kuliko wengi wenu mnavyoielewa. Lakini dhuluma ya kumfungia mdogo haiponi kwa kumfunika mkubwa nusu. Inapona kwa kumfungulia mdogo kwa masharti, au kwa kumlipa.

Ufaransa nayo ilipita njia hiyohiyo wiki hizohizo. Maduka ya vitabu yalifungwa mwishoni mwa Oktoba 2020, wenye nayo wakalalamika kwamba supamaketi zinaendelea kuuza vitabu, na serikali ikajibu kwa kufunga rafu za vitabu za supamaketi. Kilio cha kutaka haki kikaishia kwa wasomaji wote kukosa vitabu. Ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji iliyaacha maduka ya vitabu wazi katika zuio lake la pili. Kitabu kilekile, virusi vilevile, mpaka mmoja katikati. Februari 2021 Ufaransa yenyewe ikatangaza kwamba kumbe maduka ya vitabu ni ya lazima. Hakuna kilichobadilika katika kitabu wala katika mapafu ya binadamu. Waliobadilika ni wapiga kelele, kwamba sasa walisikika.

Nitaje na vinyozi wa Hispania, kwa ufupi. Amri ya Machi 14, 2020 iliwaacha wenye saluni wafungue. Wapo waliotetea kwa hoja ya wazee na wagonjwa wasioweza kujiosha nywele wenyewe, na hoja hiyo si ya kipuuzi. Ila kinyozi na mteja wake wako umbali wa kiganja, kwa nusu saa. Siku tatu baadaye amri ilirekebishwa, ikabaki kazi ya kwenda nyumbani kwa mteja tu. Hapo angalau mtu aliuliza swali la kweli: watu hawa wanakaaje?

Tena kuna lile la foleni, ambalo sijui kwa nini halifundishwi mahali. Tangazo la kufunga lenyewe hukusanya watu. Machi 15, 2020 Uholanzi ilitangaza jioni kwamba migahawa, baa na vile vijiduka vinavyouza bangi vitafungwa saa kumi na mbili jioni hiyohiyo. Mistari ya watu ikapinda kona za mitaa. Muda mfupi baadaye serikali ikaruhusu vijiduka hivyo vihudumie wanaochukua na kuondoka. Wiki iliyofuata, Machi 23, meya wa Denver huko Marekani alitangaza kufunga maduka ya pombe na bangi, na baada ya saa chache akageuza kauli, kwa sababu watu walikuwa wamejazana kuliko siku yoyote ya kawaida. Jambo la kujifunza hapo halihusu ulevi. Ukimwambia mtu kwamba kitu fulani hakitapatikana tena, hata kama hakihitaji, atakwenda kukitafuta akiwa na majirani zake wote. Kwa hiyo saa na namna ya kutangaza ni sehemu ya kinga. Na kila duka mnalofunga, wateja wake hawayeyuki. Wanahamia kwenye duka lililobaki.

Kuhusu hilo la kuhamia, kuna utafiti ambao ningependa kila mmoja wenu ausome kabla ya kutia saini. Ulichapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba 2020. Watafiti walifuatilia, kwa data za simu zisizotaja majina, mienendo ya watu milioni 98 katika miji 10 mikubwa ya Marekani, wakajenga modeli ya maambukizi, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga ugonjwa unavyosambaa. Kwa Chicago, modeli ilionyesha kwamba asilimia 10 tu ya sehemu watu wanazotembelea zilibeba takriban asilimia 85 ya maambukizi yaliyotokea katika sehemu hizo. Sehemu chache, zinazojaa, ambazo watu hukaa muda mrefu. Kisha wakajaribu kuweka kikomo: kila sehemu isijae zaidi ya asilimia 20 ya uwezo wake. Maambukizi mapya katika modeli yakashuka kwa zaidi ya asilimia 80, huku wateja waliopotea wakiwa asilimia 42. Someni namba hizo mbili kwa pamoja. Modeli si maisha, nakubali, lakini inaonyesha kwamba kati ya kufungua na kufunga kuna mlango mpana ambao orodha zenu ziliupita bila hata kuugusa.

Utafiti huohuo uliona kwamba maduka ya vyakula wanayokwenda watu wa kipato cha chini yalikuwa na msongamano zaidi, na wateja walikaa ndani muda mrefu zaidi. Duka la lazima la tajiri na duka la lazima la maskini, kwenye karatasi yenu yana alama moja. Kwenye mapafu hayana.

Wajapani hawakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu afunge, kwa hiyo ilibidi wafikiri. Tangu Machi 2020 waliwaambia watu waepuke mambo matatu: sehemu zilizofungika zisizopitisha hewa, sehemu zenye umati, na mazungumzo ya karibu. Hakuna jina la bidhaa hata moja. Mtu yeyote mwenye biashara anaweza kusimama mlangoni kwake akajipima. Mimi kwa mfano: banda langu lina upande mmoja wazi, mteja hukaa dakika tano, huacha simu na kurudi baadaye. Ningefaulu. Jirani yangu mwenye ukumbi wa mazoezi, chumba cha ndani, watu ishirini wanahema kwa nguvu, angefeli, naye mwenyewe alikuwa anajua. Hakuhitaji waziri wa kumwambia. Alichohitaji ni pesa za kodi ya ule ukumbi.

Na wala si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1918, mafua yalipoingia New York, kamishna wa afya wa jiji hilo, Royal S. Copeland, alipanga saa za kufungua na kufunga kwa zamu. Ofisi ziwe na saa zake, viwanda saa zake, maduka saa zake, ili watu wasijazane pamoja ndani ya treni za chini ya ardhi. Alilaumiwa kwa mengi, hasa kwa kuacha shule na majumba ya maonyesho wazi, na wataalamu bado wanabishana kama alipatia. Lakini angalieni alipoelekeza macho: kwenye treni. Kwenye njia ya kwenda kazini. Sisi tulibishana miezi mizima kama duka la rangi ni la lazima, na ni wachache waliouliza muuza rangi anafikaje kazini.

Kosa la pili la orodha ya majina ni baya zaidi, kwa sababu hili liliua watu. Ukishaiita biashara ya lazima, unaacha kuiangalia. Neno hilo linageuka kuwa kinga ya kufikirika. Machinjio ya viwandani yalikuwa ya lazima karibu kila nchi, kwa sababu watu lazima wale. Aprili 28, 2020 rais wa Marekani alitia saini amri ya kuhakikisha viwanda vya nyama vinaendelea, ilhali tayari vingi vilikuwa na milipuko ya maambukizi. Ujerumani, mwezi Juni, zaidi ya wafanyakazi 1,500 wa kiwanda kimoja cha nyama katika wilaya ya Gütersloh walikutwa na virusi, na wilaya mbili zikarudishwa kwenye zuio. Wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji walioajiriwa kupitia mawakala, wakisimama bega kwa bega kwenye baridi yenye hewa inayozungushwa, kisha wanarudi kulala wengi chumba kimoja. Ujerumani baadaye ilipiga marufuku ajira za mawakala katika kazi ya kuchinja, kuanzia Januari 2021. Ilichukua janga kuliona jambo ambalo mkaguzi yeyote angeliona kwa kufungua mlango.

Kwa hiyo ninaposema msigawe kwa majina, sitafuti ulegevu. Nataka ukali uende kunakostahili. Baa za ndani zifungwe. Kumbi za dansi zifungwe, na zifungwe mapema, wiki mbili kabla ya mnavyodhani inafaa. Kiwanda cha chakula kisifungwe, lakini kisiachwe kwa kuitwa cha lazima. Kipunguziwe kasi, wafanyakazi watenganishwe, mabweni yakaguliwe, na anayeumwa alipwe akibaki nyumbani, kwa sababu asipolipwa atakuja, atakohoa, na atakataa kwamba anakohoa.

Kuhusu pombe na sigara sitakaa sana, ila siwezi kuliruka kwa sababu ndilo mliloligombania kwa sauti kubwa kuliko yote. Afrika Kusini ilipiga marufuku vyote viwili tangu Machi 27, 2020. Kwa pombe walikuwa na hoja ninayoiheshimu: ulevi hujaza wodi za majeruhi, na wodi zilihitajika. Hiyo ni hoja ya vitanda, inapimika, na walikuwa waaminifu kuisema. Kwa sigara marufuku ilidumu mpaka katikati ya Agosti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walionyesha kwamba wavutaji wengi waliendelea kununua kwa njia za magendo, kwa bei ya juu zaidi, na Desemba mwaka huohuo mahakama kuu ya Western Cape ikasema katazo lile lilikwenda kinyume cha katiba. Italia, iliyokuwa na msiba mzito kuliko wengi wakati ule, iliwaacha wauza tumbaku wafungue tangu mwanzo. Marekani nayo mnamo Machi 28, katika mwongozo wa serikali kuu kuhusu wafanyakazi muhimu, iliwaongeza wauza bunduki. Mnaona? Neno "lazima" likiachwa lizurure, kila nchi hulijaza mapenzi yake na hofu zake.

Sasa nije mezani kwangu.

Katika wiki ya pili ya kufungwa, mteja mmoja alinitafuta kwa simu ya jirani yake. Simu yake ilikuwa haichaji. Majibu ya kipimo chake yangetumwa kwenye namba ile, kazi yake ilikuwa imehamia kwenye simu ileile, na mtoto wake alikuwa anasoma kwa simu ileile. Tatizo lilikuwa tundu la chaji, kazi ya dakika ishirini. Nilikuwa nimefungiwa, lakini tuseme nilikuwa na njia zangu. Kilichonishinda ni kipuri. Muuza vipuri wa jumla alifungiwa duka kwa sababu karatasi ilimwandika chini ya "vifaa vya kielektroniki", pamoja na televisheni na redio za gari. Nikafungua simu tatu zilizokufa ninazoziweka kwenye boksi, ya tatu ikawa na tundu linaloingiliana kidogo, nikalichonga. Ilichaji ukiishika kwa upande. Yule mtu aliishi na simu ya upande miezi miwili.

Nalisimulia kwa sababu ya ule mnyororo. Mliagiza watu wafanye kazi, wasome, watibiwe na wapokee msaada kwa simu, kisha mkamfungia anayeitengeneza, na hata pale mlipomruhusu mkamfungia anayemuuzia vipuri. Jaribuni na vitu vingine mtaona yaleyale. Hospitali inataka jenereta, jenereta inataka fundi, fundi anataka chujio la mafuta, chujio liko kwenye duka la vipuri vya magari, na duka la vipuri vya magari si la lazima. Mkulima anataka pampu. Muuguzi anataka mahali pa kumwacha mtoto, na hapo ndipo orodha nyingi zilipoanguka puu.

Italia ilijaribu kuutazama mnyororo. Amri ya Machi 22, 2020 ilitumia namba za takwimu ambazo kila biashara nchini humo imesajiliwa nazo: namba hizi zifungue, zilizobaki zifunge. Safi machoni. Siku tatu baadaye orodha ya namba ikabadilishwa, kwa sababu viwanda vilisema hivi na vyama vya wafanyakazi vikasema vile. Lakini amri iliacha mlango: kampuni inayohudumia mnyororo wa zile za lazima impe taarifa mkuu wa mkoa, iendelee na kazi mpaka atakapoizuia. Kwa maoni yangu huo ndio mwelekeo sahihi, wenye tundu moja kubwa: mkuu wa mkoa mwenye rundo la barua mezani hazuii mtu. Ruhusa bila mkaguzi ni mlango ulioachwa wazi tu.

Pennsylvania, jimbo la Marekani, ilifanya kinyume. Machi 19 ilifunga zote zisizo za "kudumisha uhai", kisha ikasema anayeona ameonewa aombe msamaha. Maombi zaidi ya 40,000 yakaja. Mkaguzi mkuu wa jimbo baadaye aliukosoa utaratibu ule kwa kukosa uwiano: biashara mbili za aina moja, moja inapata, nyingine inakosa. Nani anapata katika mfumo wa namna hiyo mnajua, na mimi najua. Anapata mwenye wakili, mwenye namba ya mtu ofisini, mwenye mtu wa kukaa kwenye kompyuta usiku kujaza fomu. Fundi hana fomu. Fundi ana bisibisi.

Na tunazungumza tu kuhusu waliosajiliwa. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi duniani, walikuwa katika sekta isiyo rasmi. Aprili 2020 lilisema watu bilioni 1.6 miongoni mwao walikuwa hatarini kuharibikiwa riziki. Orodha ya biashara za lazima haiwaoni. Mchuuzi wa barabarani anauza mahali penye hewa nyingi kuliko supamaketi yoyote, anakaa na mteja dakika moja, na ndiye wa kwanza kufukuzwa kwa sababu hana mlango wa kubandikwa kibali. Afrika Kusini ilihitaji kurekebisha kanuni zake tarehe 2 Aprili ili wachuuzi wa vyakula na vile vijiduka vya mitaani viitwavyo spaza viruhusiwe, na hata hapo kwa kibali. Uganda iliruhusu wauza vyakula masokoni lakini ikawataka wasirudi nyumbani, walale sokoni. Wanawake wakalala kwenye meza zao chini ya vyandarua, mbali na watoto wao. Sijui kama aliyelipendekeza hilo aliwahi kulala kwenye meza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Suala la pesa lingekuwa aya ya kwanza kama ningekuwa na ujasiri zaidi. Mnapomfungia mtu biashara ili wengine wasiugue, mmechukua kazi yake kwa manufaa ya wote, na kitu kilichochukuliwa kwa manufaa ya wote hulipwa na wote. Uingereza ilitangaza Machi 20, 2020 kulipa asilimia 80 ya mshahara wa wafanyakazi waliosimamishwa, kwa kikomo. Vizuri. Aliyejiajiri mwenyewe alisubiri mpaka Mei 13 maombi yafunguliwe, na aliyeanza biashara karibuni hakuhesabiwa wakati huo. Msiniambie kwamba kuwafikia wasiosajiliwa haiwezekani. Togo, nchi isiyo na utajiri wa Uingereza, ilizindua mpango wa msaada wa pesa uitwao Novissi tarehe 8 Aprili 2020: mtu anapiga namba fupi kwa simu yoyote, hata ya vitufe, kumbukumbu zake zinalinganishwa na daftari la wapiga kura, anayestahili anatumiwa pesa kwa simu, wanawake wakipewa zaidi kidogo. Haikuwa kamilifu na haikuwa nyingi. Ila ilifika, na ilifika wakati mtu bado ana njaa.

Kumbukeni pia kwamba malipo ni sehemu ya kinga. Aliyelipwa anafunga kweli. Asiyelipwa anafunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, na hapo mmeihamisha biashara kutoka penye hewa kwenda pasipo na hewa. Nimeviona vyumba hivyo, na tundu lile la chaji nililichonga ndani ya kimoja.

Basi haya ndiyo ninayowaomba, na niyaweke kwa lugha ya fundi. Andikeni rasimu sasa, wakati hakuna anayekohoa. Rasimu ianze na masharti: hewa, idadi ya watu kwa eneo, dakika anazokaa mteja, njia ya kufika. Kila biashara ijipime, ijitangaze mlangoni, na ikaguliwe bila taarifa. Mtakayoyafunga kwa vyovyote muyataje mapema ili wenye nayo wajue kwamba bima yao ni fedha za serikali, na kiasi chake kijulikane. Mezani aketi mtu wa vipuri, mchuuzi, mfanyakazi wa kiwandani na muuguzi mwenye mtoto, pamoja na mabwana wa vyama vya wafanyabiashara ambao hawajawahi kukosa kiti. Kila uamuzi wa kuruhusu au kukataza uandikwe sababu yake na jina la aliyeuamua, uwekwe hadharani siku hiyohiyo. Na uwe na tarehe ya kufa: baada ya siku 14 uandikwe upya au ufutike wenyewe.

Rasimu hiyo ikitoka, nitaisoma. Nitaanza na ukurasa wa vipuri.

Wenu,
Fundi simu